Fundi wa Marudio

Fundi alikuwa na kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, alichokibandika kwenye pembe ya juu ya kishikwambi chake. Chini ya plasta hiyo kulikuwa na kitufe cha kufuta. Hakukitaka. Alisema mtu akiwa na kitufe cha kufuta karibu na kidole, mwisho wake atafuta tu, hata kama hakuna kibaya, kwa sababu kidole nacho hupenda kazi.

Tabu ni kwamba kishikwambi kikigeuzwa vitufe navyo hugeuka, na plasta haigeuki. Siku moja alikilaza ubavu, plasta ikaangukia penye kitufe cha kusimamisha, na kompyuta iliyokuwa chumba cha pili ikaendelea kurekodi dakika arobaini za kwaya ikigombana kuhusu rangi ya sare. Kuna waliotaka zambarau. Fundi alipogundua hakufuta. Aliupa ugomvi ule jina, "Sare", akauhifadhi pamoja na nyimbo. Mpaka leo naamini ndiyo kazi bora ya kwaya ile.

Niseme mapema jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Huyu mama aliyekuwa anarekodi kwaya, manju wa ngoma, matangazo ya maduka na mwandishi mmoja wa makala za redio, alikuwa hasikii vizuri. Sauti nene zilimfikia: radi, besi, lori. Nyembamba zilikuwa zimempotea: simu ikiita, filimbi, wasichana wa sauti ya kwanza. Alilificha hilo kwa miaka, kwa kuwa fundi wa sauti asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja, na nani atakula kwake? Mimi mwenye shahada mbili nilikaa naye mwaka na nusu bila kugundua. Nilidhani ananitazama sana usoni kwa sababu ninavutia.

Studio yake ilikuwa Bugarama, nyuma ya duka la spea za pikipiki. Vyumba viwili. Cha waimbaji kilizungushiwa viroba vya pumba za mpunga kutoka chini hadi kwenye dari, kwa kuwa pumba humeza mwangwi na mashineni hutolewa bure. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani nimeingia ghala. Nilipiga chafya mara sita.

"Shikamoo. Namtafuta fundi."

"Marahaba. Endelea kupiga chafya, ukimaliza utaniona."

Kompyuta yenye programu ya kurekodia aliiweka chumba cha pili kwa sababu feni yake ilinguruma kama mashine ya kukoboa. Mwanzoni alibonyeza kule, akakimbia huku kumwambia mwimbaji aanze, akakimbia tena kule. Kisha akapata programu ndogo ya kishikwambi inayoiendesha ile kubwa kwa mbali. Akanunua kisanduku cha waifai, akaviunganisha, na tangu hapo hakukimbia tena. Alikaa kwenye kiti chake, kishikwambi mapajani, akaanzisha, akasimamisha, akapandisha na kushusha sauti za kila maiki kwa kidole.

Mchimbaji mmoja kijana aliyekuja kurekodi wimbo wa mapenzi alikitazama kwa wasiwasi. "Mama, hicho kinakula bando?"

"Hakili kitu. Kinaongea na kompyuta tu, kama mtu na mkewe."

"Kumbe ndiyo maana kuna siku hakisikilizwi."

"Imba, baba. Utazeeka."

Vitufe vilikuwa na maandishi ya Kiingereza, naye akavibatiza upya. Cha pembetatu kiliitwa "sema". Cha mraba, "tua". Kile chekundu cha kuanza kurekodi kiliitwa "tega", kama mtu anavyotega kanga shambani. Na kati ya kutega na kompyuta kuanza kulikuwa na kuchelewa kidogo, kama kupepesa jicho, kwa hiyo hakungoja sauti itoke. Alitazama kifua cha mwimbaji. Kikipanda kuvuta pumzi, anatega. Ndiyo maana kazi zake zote huanza na pumzi. Kuna mtu wa redio, kutoka mjini, aliyemwambia azikate, si za kitaalamu. Fundi akamuuliza kama yeye huongea bila kuvuta pumzi. Mtu wa redio alifikiri kidogo, akasema wakati mwingine.

Neno lake kubwa lilikuwa marudio. Huku kwetu neno hilo lina kazi mbili. Kwa wachimbaji, marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa. Mwenye mawe ameshachukua dhahabu yake, amekuachia tope. Anayejua hulinunua tope hilo, huliosha upya kwa dawa, na mara nyingi hupata kilichomponyoka yule wa kwanza. Fundi aliuza uji machimboni Rwamgasa miaka mingi, kando kabisa ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Uji ukamletea marudio, marudio yakamletea kompyuta. Kwa hiyo mwimbaji alipokosea akaomba radhi, Fundi hakumwelewa.

"Pole ya nini? Hayo ni marudio. Weka pale. Dhahabu iko humo."

Na aliweka kweli. Kila jaribio, kila kikohozi, kila "ngoja kwanza nimesahau". Wimbo mmoja ulikuwa na majaribio kumi na mawili, na yote yalikuwa na namba na tarehe. Mwalimu mmoja wa kwaya ya vijana, mwanamume wa tai hata siku za kazi, alirudishwa mara kumi na moja siku moja, akafura.

"Fundi, tumekosea wapi?"

"Hamjakosea."

"Sasa tunarudia nini?"

"Tunarudia uzuri."

Alikubali, kwa sababu jibu lilikuwa na sura ya busara. Mimi niliyekuwa pembeni nililiandika kwenye daftari. Kumbe mama wa watu alikuwa anatafuta tu jaribio ambalo vijiti vya kijani vya kupima sauti kwenye kishikwambi vingepanda na kushuka pamoja, bila kimoja kuruka hadi kwenye nyekundu. Alikuwa anasikiliza kwa macho.

Kulikuwa na mzee mmoja, manju, kiongozi wa kundi la ngoma la wakulima kutoka vijiji vya huko Msalala. Alifika asubuhi, akasema "Mwangaluka" kwa kila mtu, mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani kwa kila mtu, akajibiwa "mhola", salama, akaridhika. Kisha akawekwa mbele ya maiki, akaitazama, akatazama viroba vya pumba.

"Naimbia nani?"

"Imba tu, babu," nikasema, nikijifanya mwenyeji.

"Niimbie pumba? Mimi ng'ombe?"

Fundi akachukua kigoda, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, kishikwambi mapajani. "Niimbie mimi. Mtu haimbii ukuta." Mzee akamwimbia karibu saa nzima, na kila alipofika mwisho wa mstari Fundi aliitikia, "Eeh." Itikio hilo limo kwenye rekodi. Kundi lilipogawiwa nakala, watu walilipenda kuliko wimbo.

Na mimi? Mimi nilikuja na makala yangu juu ya usemezano na utamaduni, nikaisoma kwa sauti ya chuo kikuu, ile ya mtu anayejisikiliza. Fundi akabonyeza "tua".

"Mwandishi, unamsomea nani?"

"Wasikilizaji."

"Wako wapi?"

"Majumbani kwao."

"Wote kwa pamoja? Hutawaweza. Nisomee mimi, taratibu, na usiinamie karatasi."

Nikamsomea yeye. Nilipofika kwenye neno "usemezano" aliinua mkono akauliza maana yake. Nikaeleza. Akasema, "Basi sema hivyo ulivyosema sasa." Nikafuta usemezano. Tangu siku ile sijaandika ukurasa bila kumweka mbele yangu, magoti kwa magoti, na idadi ya maneno ninayoyaona aibu imeongezeka sana. Walimu wangu wa chuo walikuwa wengi na wenye vyeti. Huyu ndiye aliyenifundisha kuandika.

Nikaandika makala juu ya falsafa yake, "Mtu Haimbii Ukuta". Nilieleza jinsi Msukuma anavyohitaji wa kumwitikia, jinsi kishikwambi kimemrudishia msikilizaji kiti chake, na mambo mengine mengi mazuri. Ilisomwa redioni. Nilijiona nimefika.

Wiki chache baadaye kikundi cha kina mama kikarekodi nyimbo nne. Nikapewa nizisikilize nyumbani. Wimbo wa kwanza una nyenje. Wa pili una nyenje. Nyote mnamjua nyenje, yule mdudu mwenye sauti moja nyembamba isiyoisha. Nyimbo zote nne, mwanzo hadi mwisho, kama mwanachama. Nikarudi.

"Fundi, huyu nyenje umemwacha makusudi? Nimempenda."

"Nyenje gani?"

Nikacheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alinitazama mdomo, kisha akatazama mlango kama umefungwa.

"Analia sana?"

"Mfululizo."

Akakaa. Akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa bado kubwa. "Masikio yangu niliyaacha Rwamgasa, Mwandishi. Karasha lilisaga mawe, likasaga na hayo. Namwona mtu anaimba, namsikia nusu. Wasichana siwasikii kabisa. Kwaya zikijua, narudi kwenye uji. Na wa kuniajiri kwenye uji hayupo, nimezeeka."

"Na mtu haimbii ukuta?"

"Nisipokuona mdomo sijui unasema nini," akasema. "Lakini na ukuta kweli hauimbiwi. Yote mawili."

Nilijisikia mjinga, kisha nikajisikia mjinga zaidi kwa kujifikiria mimi wakati mwenzangu anafikiria chakula. Nikaahidi kunyamaza. Na ili ahadi iwe na maana, nikawa nakuja siku za kurekodi, nakaa kwenye kona na daftari, mtu anayefanya utafiti. Nikisikia doa nilivua miwani. Fundi alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Akiona miwani imevuliwa, anasema, "Naomba marudio."

Ulikuwa mpango mzuri isipokuwa kwa jambo moja: zile pumba. Chafya huja, mtu huvua miwani. Siku moja niliivua mara tano bila kosa lolote, na kwaya ya watu wazima ikarudia mara tano ikinitazama mimi kama mchawi. La ajabu, ya tano ilikuwa nzuri kuliko zote. Fundi akaniletea chai na vitumbua akasema nimeanza kupata sikio.

Nami nilimjua kuwa mwanamke asiyevumilia uongo. Aliwahi kumfukuza mfanyabiashara aliyetaka tangazo la dawa inayotibu kila kitu. "Hata upara?" alimuuliza. Yule bwana akasema hata upara, naye mwenyewe ana upara. Akatolewa nje. Na Fundi huyohuyo alikuwa ananilipa vitumbua ili nimsaidie kudanganya waumini. Alikuwa Mwislamu wa kufunga studio Ijumaa mchana bila mjadala, na hakuna mchungaji wilayani aliyejua nyimbo za kwaya kama yeye. Alizijua kwa midomo. Alichukia kelele, na redio yake ya jikoni ilisikika hadi barabarani. Sikuwahi kuona haja ya kuyapatanisha hayo.

Sasa nifike kwa Mama Limi.

Limi alikuwa binti wa ile kwaya ya vijana, ya mwalimu mwenye tai. Sauti ya kwanza. Siku ile ya mara kumi na moja yeye ndiye aliyeongoza majaribio ya mwanzo, lakini kila alipofika ubeti wa pili aliimba maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi, maneno ya Kisukuma, juu ya mama yake. Mwalimu alimwonya mara tatu, kisha akampa mwingine nafasi. Wimbo uliotoka hauna Limi. Mwalimu alimwomba Fundi afute yale ya mwanzo. Fundi akamwonyesha plasta.

Mwaka uliofuata Limi aliugua siku nne akafariki.

Mama yake alikuja Bugarama na mwalimu wa kwaya, kwa miguu kutoka penye lami, na kanga ya msiba bado iko mabegani. Nilikuwepo, kwenye kona yangu, na miwani yangu.

"Mtoto aliniambia," akasema mama huyo. "Alirudi jioni ile akaniambia, mama, leo nimekuimba studio. Nimesikiliza wimbo. Simo. Na yeye hayumo."

"Yumo," akasema Fundi. "Sijafuta."

"Basi nipigie ule alioniimba."

Majaribio yalikuwa kumi na mawili, na kati yake vipande vya mazungumzo, na kicheko, na kuanza kusikoisha. Fundi akakitazama kishikwambi. Aliweza kuviona vijiti vya siku ile vyote, vilivyopanda na vilivyoshuka. Hakuweza kujua kipi ni Limi. Akaniangalia. Nikashika miwani. Nilikuwa tayari: nitasikiliza mimi, nitaivua ikifika, na hakuna atakayejua. Nilimwashiria hivyo, kwa kichwa.

Akatikisa chake, hapana.

"Mama Limi," akasema, "mimi ni kiziwi. Si wa kabisa, lakini sauti kama ya mwanao hainifikii. Haikunifikia hata siku ile alipokuwa amesimama hapo. Kama ni mimi nikutafutie, nitakupa mtoto wa mwenzio. Chukua hiki utafute mwenyewe."

Mwalimu wa kwaya alifungua mdomo. "Kwa hiyo mara kumi na moja zile—"

"Nilikuwa nawatafuta."

"Fundi! Umeturudisha mara kumi na moja, watu wamekaukiwa makoo, kumbe—"

"Mwalimu, nyamaza," akasema Mama Limi, bila hata kugeuka. "Natafuta mtoto wangu."

Fundi akampakatisha kishikwambi, akamwonyesha: hiki sema, hiki tua. Mama Limi akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Vidole vilivyoshika jembe miaka arobaini vina gamba, na kioo hakivitambui. Kinadhani ni kijiti. Nikainuka nimbonyezee. Fundi alinizuia. Alichovya ncha ya mtandio wake kwenye kikombe cha maji, akalifuta lile dole la shahada taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto mkono kabla ya kula. "Sasa jaribu."

Kikaitika.

Alisikiliza la kwanza lote. La pili lote. Hakuruka kitu, alisikiliza hata watu wakipanga viti. Katika la tatu, ubeti wa pili, Limi akaingia na maneno yake ya Kisukuma, na sauti ya mwalimu kwa nyuma ikisema, "We Limi, tena?" na Limi akacheka ndani ya wimbo bila kuacha kuimba. Mama yake akaweka mkono mdomoni. Mwalimu wa kwaya alitoka nje, na tuliona kupitia mlangoni kwamba ameilegeza tai.

Mama Limi alibonyeza sema, tua, sema, tua, hata sikuhesabu mara ngapi. Mwisho Fundi akamnakilia jaribio lile kwenye memori kadi, naye akaifunga kwenye pindo la kanga. "Wabeja," akamwambia Fundi, asante, kisha akaikumbuka ile habari ya masikio, akamshika uso kwa mikono miwili, akasema tena taratibu ili mdomo uonekane. "Wabeja."

Habari ikaenea, kama tulivyojua. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Iliyofuata hivyo hivyo. Nikaandika makala ya kumtetea, akanikataza kuisoma. "Wanasema kweli, unawatetea nini?"

Nikapata kibarua cha kufundisha Mwanza, nikawa mbali miezi minane. Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga, na viroba vilikuwa vimebadilishwa, pumba mpya. Nilipiga chafya kama kawaida. Aliniambia kwamba nusu ya kwaya zilihamia studio za Kahama na hazitarudi. Nusu ilibaki. Kwenye kiti changu cha kona alikaa mwalimu mwenye tai, hedifoni kichwani, sikio rasmi la studio, anayesimamisha watu waziwazi kwa kupunga mkono na kutoa hotuba. Nilikuwa nimefukuzwa kazi ambayo hakuna aliyejua ninayo. Nilikunywa chai yangu nikamwonea wivu.

Mwalimu alipotoka kwenda kuwapanga waimbaji wake, Fundi alisogeza kigoda.

"Mwandishi."

"Naam, Fundi."

"Sauti ya Limi. Ikoje?"

Sikuitegemea. "Ni nyororo," nikasema. "Ina ung'avu fulani, na—"

"Acha hayo ya redioni. Nipe kitu nilichowahi kukisikia. Kabla ya karasha."

Nje waimbaji walikuwa wanacheka. Nikamshika mkono ili anitazame.

"Unaikumbuka pampu ya mkono, ya kisima? Kiangazi. Umesukuma mpaka bega linauma na hakuna kitu. Halafu chuma kinaanza kulia, kile kilio chembamba, unajua sasa maji yako njiani."

Macho aliyafumba, na mkono wake mwingine, uliokuwa gotini, ukaanza kupanda na kushuka polepole, kama umeshika chuma.

"Naikumbuka," akasema. "Na maji yalitoka?"

Alikuwa amefumba macho bado. Nikangoja ayafumbue, aone mdomo wangu.

"Yalitoka. Kwenye ubeti wa pili."

"Ndoo ilijaa?"

"Ilijaa, Fundi. Mama yake aliondoka nayo kichwani."